Jirani Asiyemrudisha Mtoto

Nilimpata binti yangu akiosha sufuria za mwanamke mwingine. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa jirani yetu, mikono imejaa povu, anasugua masizi mpaka chini, na anaimba. Anaimba! Sufuria zetu zilikuwa ndani, zimeshikwa na ugali wa jana, na ndizo zilizotugombanisha asubuhi hiyo. Nilikuwa nimevumilia mengi. Hapo nikasema basi. Nikapiga lile beseni teke, povu likatapakaa korido yote ya ploti tunamopanga vyumba.

"Mathe, leo uko na hasira aje," akasema, hata bila kusimama.

Ana miaka kumi na minne. Nilimzaa nikiwa Form Three, nikarudi shule na kumaliza huku maziwa yakinilowesha sare. Leo nafulia matajiri nguo kule Lavington, narudi vidole vimekunjamana. Kwa hiyo sheria za nyumba yangu ni chache: anayefika kwanza anateka maji, anaosha vyombo, anapika. Asipofanya, hakuna simu, na likizo hakuna kusukwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemnyang'anya simu. Akafura, akavuka korido, akaingia kwa jirani.

Huyu jirani ni msusi hapa mtaani kwetu, Kabiro. Hana mtoto. Ana kochi lenye vitambaa, tivii kubwa ukutani, na muda wa kucheka. Hajawahi kumwambia binti yangu afue soksi. Binti yangu alipovunja ungo, alimwambia yeye kwanza. Mimi nilijua nilipoona pakiti ya pedi ambayo sikununua. Siku hiyo niliingia bafu ya ploti, nikafungulia mfereji, nikalia.

Mimi nimelelewa Kibera, upande unaotazamana na Nyayo Highrise. Mama akinichapa nilikimbilia kwa nyanya mmoja wa Kinubi, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba tuliyopanga. Alinipa chai, akanipangusa kamasi, kisha akanishika mkono hadi mlangoni kwetu. "Msamehe kwa ajili yangu," alimwambia mama, "lakini kazi yake ataifanya." Na niliifanya, nyanya akiwa amesimama pale pale. Unamsitiri mtoto wa mwenzio mpaka hasira ipoe, halafu unamrudisha. Ukikaa naye, umemchukua.

Huyu msusi hajamrudisha hata siku moja.

Aliposikia kelele alitoka, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake. "Pole pole na mtoto, mama. Mimi sikumtuma. Amejitolea mwenyewe."

Hapo ndipo aliponimaliza. Angesema amemlazimisha, ningemsamehe.

"Kwako anajitolea, kwangu mpaka nipige kelele. Kwa nini hukumleta nyumbani?"

"Anakuogopa."

"Wacha aniogope! Mimi ni mama yake, si kastoma wako."

Milango ya ploti ikafunguka mmoja mmoja. Muuza mboga wa chumba cha mwisho akaangua kicheko. "Haiya! Kwani sufuria nazo zinaonewa wivu?"

Ndiyo, zinaonewa. Nilimtazama binti yangu vizuri, nikaona upande mmoja wa kichwa umeshasukwa, mistari imenyooka kuliko yote niliyowahi kumsuka mimi. Kumbe kabla ya sufuria alikuwa amekaa katikati ya magoti ya yule mwanamke, vile alivyokuwa akikaa kwangu kabla hajaanza kusema namvuta nywele.

Nikawaacha hapo, nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa nyumba kumi, anayesikiza kesi za ploti zetu. Alikuwa nje ya duka lake anafungua redio kwa kisu.

"Amempiga?"

"La."

"Anamnyima chakula?"

"Anamlisha chapati."

"Sasa mama, niandike kesi gani hapa?"

Nikamwambia aandike vile ninavyosema, asipunguze. Akaweka kisu chini, akaandika, nikatia sahihi:

Mimi, mzazi, nalalamika kwamba jirani yangu humpokea binti yangu kila ninapomwadhibu, na hamrudishi. Naomba aitwe, aambiwe kwamba mtoto akienda kwake akilia, ampe chai akitaka, kisha amlete mlangoni kwangu yeye mwenyewe, aniombe nimsamehe, na asimame hapo mpaka mtoto aanze kazi aliyoiacha. Na hizo nywele asizimalize.