Jina Langu kwenye Shuka la Mama Mkwe

Tangu Jumapili nimejikasirikia hata cherehani siigusi. Mimi ni fundi nguo hapa Nkwenda, nikajitia kujifunza kuchapa jina langu kwenye vitambaa. Niliwamba kitambaa chepesi kwenye fremu ya mbao, nikakiziba kwa nta, nikaacha wazi herufi tu: FUNDI RWEGASIRA. Rangi ya dukani ni ghali, kwa hiyo nikakinga utomvu wa mgomba.

Nguo iliyokuwa karibu ni shuka jeupe la mama mkwe, lililoletwa nilipinde. Nikachapa, sikuona kitu. Nikarudia, sikuona kitu.

Mke wangu akauliza, "Baba Koku, utomvu wa nini huo?"

Nikamwambia akamenye ndizi zake. Shuka likarudishwa jeupe.

Mwanamume asiyemenya ndizi atajuaje kwamba utomvu huwa mweusi baadaye, nguo ikishafuliwa?

Mama mkwe hajui kusoma. Alipolifua, aliona nakshi tu. Kwa mila zetu mimi naye hatupeani hata mkono, lakini Jumapili alisimama mbele ya waumini kanisani, amejifunga shuka hilo.

"Namshukuru Mungu kwa mkwe aliyenirembea shuka," akasema, kisha akageuka ili wote walione.

Waliojua kusoma wakalisoma jina langu, limetanda makalioni pake.