Jina Ambalo Sikuliandika

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, ukungu umelala juu ya mashamba hata nyumba za jirani zikaonekana kama zinaelea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ile imenirudia mara nyingi katika usingizi wangu wa uzeeni, na kila mara najiona natembea polepole, daftari kwapani, miguu imelowa umande, nikielekea nyumba ile ile.

Siku zile tulikaa kijiji kimoja mbele ya Mkange, njia ya kwenda Saadani. Wakubwa wa kijiji walikuwa wameamua kugawa bonde la mto, udongo mweusi ambao hata mbegu ikikudondoka kwa bahati mbaya inaota. Mwenyekiti alinichagua mimi niandike kaya zitakazopata, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa. Akaniambia neno moja tu: "Andika wenyeji, Zainabu." Mwenyeji ni nani, hakunieleza, wala mimi sikuuliza. Kijana akipewa kalamu hudhani amepewa na akili.

Jina la kwanza niliandika la baba yangu. Hapo simama kidogo, usipapite haraka. Baba na mama walitoka Tabora, wakaja huku kukata mkonge, kisha wakahamia kijijini mimi nikiwa tumboni. Nilijua hayo. Lakini hakuna aliyewahi kutuuliza kwetu ni wapi, maana sura zetu zilifanana na za wengine, na asiyeulizwa husahau kwamba swali lipo. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, nami nilikuwa nyani mwenye kalamu.

Nikapita nyumba hadi nyumba, mpaka nikafika kwa Fundi Rahim, mshona nguo. Baba yake alikuwa Mhindi aliyewahi kuwa na duka pale, akafariki zamani. Mama yake alikuwa Mkwere wa pale pale. Fundi alichukua rangi na nywele za baba, lakini akizungumza Kikwere wewe ukiwa nyuma ya ukuta, ungedhani ni mzee wa ukoo anatambika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, chai ya tangawizi ipo."

Nikanywa chai yake. Naam, niliinywa mpaka tone la mwisho. Kisha akasema, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani, "Haya, andika: Rahim, mke, na watoto watatu."

Sikuinua kalamu. "Fundi, hii ni ya wenyeji."

Akatabasamu, akidhani namtania. "Na mimi je?"

"Nyinyi mna kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Si Bombei?"

Cherehani ikanyamaza. Alinitazama kitambo, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeamshwa ghafla asijue yuko chumba gani. Akasema taratibu, "Bombei siijui hata iko upande gani wa bahari, Zainabu. Makaburi ninayofagia mimi yako pale nyuma ya shule."

Nikafunga daftari nikaondoka. Nilikwenda kwa haraka, na ukungu ukanimeza, na ninakiri kwako kwamba nilifurahi kutoonekana.

Baada ya siku tatu kukawa na mkutano. Fundi Rahim alikuja amevaa kanzu iliyonyooshwa, ametandika mkeka, mkewe yuko kando yake na watoto mbele yao. Nadhani alitumaini nimeyafikiri tena. Nikaanza kusoma. Kila jina lilipotajwa mwenyewe aliitika, na watu wakapiga makofi. Binti mdogo wa Fundi, hata miaka saba hakuwa ametimiza, alipiga makofi kwa kila jina, macho yanang'aa, akingojea la baba yake. Nilisoma hadi mwisho. Nilipofunga daftari, viganja vyake vilikuwa bado wazi, vimeachana, vinangoja.

Ndipo akasimama Bibi Tatu, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Mjukuu wangu, umeruka mtu."

"Nimeandika wenyeji, bibi."

"Wenyeji!" akasema, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Kitovu cha Rahim nilikizika mimi, kwa mikono hii. Na kwetu Wakwere mtoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo huyu alikuwa wetu kabla wewe hujafikiriwa. Chako pia nilikizika mimi. Siku ile mama yako hakuwa hata na kanga ya kukupokelea. Unajua alilala nyumba ya nani? Ya mama yake Rahim, miezi minne. Hakuna aliyemuuliza kwao wapi. Aliulizwa kama amekula."

Mwanangu, niliomba ardhi ipasuke, ikakataa. Mama yangu alikuwa amekaa katikati ya wanawake, ameinamisha uso. Mwenyekiti akakohoa, akaniamuru niliongeze jina mwishoni. Nililiandika. Nilipoinua macho mkeka ulikuwa umekwisha kukunjwa, na watu watano wanakwenda zao, mdogo kabisa amebebwa mgongoni.

Wiki ile ile Fundi alipakia cherehani kwenye gari, akahamia Kerege kwa ndugu za mkewe. Kipande chake cha bonde kikaota nyasi msimu mzima. Nilipata ujasiri wa kumfuata baada ya mavuno. Nikamkuta barazani anashona, nikapiga magoti, nikalia kabla sijasema.

"Inuka, mwanangu," akaniambia. "Nimekusamehe, na usilale na jambo hili moyoni. Lakini kurudi siwezi. Mimi peke yangu ningesahau. Watoto wangu waliisikia orodha nzima."

Hakurudi. Aliishi Kerege mpaka Mungu alipomchukua, na mimi nilikwenda maziko, nikakaa nyuma.

Siku hizi orodha zimehamia kwenye kompyuta na simu. Zinaandikwa za viwanja, za misaada, za vitambulisho, za kazi, na wanaoziandika ni nyinyi wenye macho makali na vidole vyepesi. Nasaha yangu kwako ni hii. Ukikabidhiwa kuandika watu, usisome sura zao ukadhani umesoma asili yao. Ukiambiwa "andika wenyeji", uliza kwa sauti, mbele ya watu, mwenyeji ni nani, hata kama wakubwa watakunja uso. Na kabla hujamuuliza mwenzako kwao ni wapi, jiulize kwanza nani alimpa mama yako mahali pa kulala. Msamaha upo, nimeupata. Ila maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyoingia katika sikio la mtoto hayafutiki kwa kalamu ile ile.

Nenda, mwanangu. Mola akupe ulimi wa kuuliza na moyo usiofunga mlango, na popote utakapofika, wewe na kizazi chako, muulizwe kwanza kama mmekula.