Bomba Lililopiga Hodi

Siku yangu ya kwanza ya kazi hapa Landani sikupewa hata nyundo. Msimamizi wetu, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alinishusha chumba cha chini ya ardhi katika nyumba moja kule Stratford, akanionyesha mabomba ya bati yaliyotambaa darini, yale yanayopeleka hewa ya moto vyumbani.

"Sikia, fundi ya Tanga. Hii bomba iko na mdomo. Watu naongea juu, wewe nasikia chini. Hapana jibu. Funika, kwenda nyumbani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kazi yenyewe, vijana, ni kuficha hayo mabomba ili chumba kipendeze. Unaunda fremu ya mbao za mbili kwa mbili, unainyoosha kwa pimamaji, unafunga mbao za jipsamu kwa skrubu, kisha plasta na rangi. Wenye pupa hugandamiza fremu kwenye bati. Hewa ikipita, nyumba nzima inatetema. Acha nafasi ya vidole, ujaze sufi ya kuzuia kelele. Na uweke kidirisha cha kufungulia, la sivyo fundi atakayekuja kukarabati atakutukana mpaka kaburini. Mimi mwenyewe nimewatukana wengi.

Wasimamizi wakaja wakaondoka, mimi nikabaki na mabomba. Wa mwisho wao, Mkenya mmoja asiyejua kusalimia, alinituma Queensbury kwa Bwana Harish. Wazazi wake ni Wahindi wa kwetu Tanga, ila yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini kujibu ni Kiingereza tu. Mama yake, bibi mtu mzima, alikuwa kitandani ghorofani. Tangu wachimbaji waanze kugonga chini ya nyumba kupata chumba kipya, alikuwa hasemi wala hali. Daktari hakuona ugonjwa, ila aliwaambia kuwa asipokula atawatoka hivi hivi. Nilielezwa haya na mke wa Harish, mkononi kashika bakuli la uji, limerudi kama lilivyokwenda.

Basi nilikuwa peke yangu kule chini, mchana kweupe, nimebakiza ubao mmoja wa jipsamu. Nikasikia, "Hodi."

Jamani, Mswahili gani asikie hodi anyamaze? Kwetu tulikatazwa tangu utotoni kuitika sauti ambayo mwenyewe humwoni, na yule Singasinga naye alishanionya. Lakini ulimi una mazoea yake.

"Karibu!" nikasema.

Kisha sauti nyembamba ikatoka ndani ya bati, sauti ya mzee inayosema kitoto. "Juma? Bado uko huko chini?"

Wallahi nywele zilinisimama. Mimi siitwi Juma.

"Wanafukia, Juma. Nawasikia. Toka!"

Mtume! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni bibi wa juu, na kwa nini hali chakula. Alijua kuna mtu chini ya nyumba yake, na kila ubao niliofunga ulikuwa unamzika.

Niliogopa, sifichi. Hata hivyo nilipanda ngazi na vumbi langu, mweupe kutoka utosini hadi kwenye buti, nikampita mke wa Harish, nikasimama mlangoni kwa bibi.

"Hodi, Mama."

"Karibu," akasema. Nyuma yangu mke wa Harish akaziba mdomo.

Bibi akanitazama weee, mpaka nikaona haya. "Mbona umechelewa?"

"Kamba ilikatika, Mama."

Sijui niliyatoa wapi maneno yale. Nilikuwa nimepanga kumwambia mimi ni fundi tu, asiwe na wasiwasi. Bibi alinishika mkono akalia sana, kisha akamwambia mkwewe alete uji. Akaumaliza wote, macho yake kwangu.

Jioni Harish alimpigia simu mama yake mkubwa kumuuliza Juma ni nani, tukamsikiliza sote. Akasema Juma alikuwa mchimba kisima nyumbani kwa baba yao, Tanga. Udongo ulimporomokea akiwa ndani, na walipomvuta, kamba ikakatika. Mdogo wake yeye mama mkubwa, yaani huyu bibi, alikuwa bado mtoto. Alisimama ukingoni akisema anamsikia Juma anaita. Watu wazima wakamwambia hakuna sauti, wakamwingiza ndani, na kisima kikafukiwa.

Harish alinigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanisemesha kwa Kiswahili. "Umejuaje kamba?"

Nikakusanya vifaa vyangu, nikaaga.

Sasa magoti yamegoma, nimestaafu. Vijana wakiniuliza habari za skrubu na sufi nawaeleza kwa furaha. Hili la kamba nikilikumbuka, baridi inanipanda mgongoni. Bibi alipata nafuu, akaishi miaka kadhaa. Kila nilipopita kumjulia hali aliniita Juma, nami niliitika. Na nilipoitika, mara nyingine, sauti zilikuwa mbili.