Sauti ya Mama Kasuku

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na chupa yangu ya chai ya tangawizi. Studio ilikuwa ndani ya nyumba ya kuishi kule Muaither, pembeni mwa Doha, na vyumba vyake viwili vilikuwa vimegongomewa mazulia ukutani ili sauti isipige mwangwi. Kijana wa mapokezi akaniletea kahawa na tende kabla hajaniuliza hata jina. Nikazitazama. Mtu anayempa mwimbaji kitu cha kumeza kabla hajaimba, mimi humtazama mara mbili. Nikamwambia nimefunga. Haukuwa mwezi wa Ramadhani, wala haikuwa Jumatatu wala Alhamisi, na baada ya muda mfupi alinikuta kwenye ngazi nakunywa chai yangu. Tangu siku ile hakuniletea tena kahawa.

Mtauliza wasiwasi wote huo niliutoa wapi. Niliutoa Tanga. Nikiwa msichana nilitunga wimbo, nikamwimbia rafiki yangu jikoni tukiwa tunachambua mchele. Wiki haikuisha, nikaenda harusini nikamkuta yuko mbele ya wapiga ala anauimba ule ule, neno kwa neno, na akina mama wanamtunza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pale ndipo nilipojua kwamba mali yangu duniani ni moja tu, sauti, na kwamba mlinzi wake ni mimi peke yangu.

Doha nilifikishwa na ndoa. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa mwenye studio, bwana mmoja wa Kiarabu ambaye sote tulimwita Mudiri, yaani mkurugenzi. Mama yake Mudiri alikulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili cha mwanawe kilikuwa laini kuliko changu. Mudiri alipata kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni za Kitaliano, na alikuwa na waigizaji, ila hakuwa na mtu wa kutunga na kuimba nyimbo za kufungulia. Mume wangu akamwambia, mke wangu huimba hata akiwa amenuna.

"Bi Rukia, ingia, usiogope," Mudiri aliniambia siku ile. "Hapa hatuli watu."

"Sijaogopa, Mudiri. Nauliza tu mlango wa kutokea uko wapi."

Alicheka mpaka akatoa leso.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana vijana wengi mnadhani wimbo wa katuni hutafsiriwa tu kama tangazo la dawa. Hautafsiriki. Muziki unakuja umeshapigwa kule Italia na sauti ya mwimbaji wao imeondolewa, umebaki muziki mtupu. Wewe unatakiwa kuingiza maneno yako mle mle yalimokuwa yao, na yaishe pale picha inapoisha. Anayekufundisha wimbo wa asili ni Msimamizi wa Muziki. Wetu alikuwa Mtaliano mmoja mrefu, shingo ndefu, mikono haitulii. Aliniimbia beti zile akipunga hewa kama anayefukuza nzi, na mimi nikawa nazitazama pete zilizojaa vidoleni mwake nikijiuliza mtu mzima anahangaika na nyimbo za watoto kwa sababu gani hasa. Lakini nilipomsikiliza vizuri nikagundua jambo. Maneno ya Kitaliano huishia kwa irabu kama yetu, na mara nyingi wenyewe huyatilia mkazo pale pale tunapotilia sisi, karibu na mwisho. Kiswahili kiliingia kwenye nyimbo zake kama mguu kwenye ndara iliyozoeleka.

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa ya konokono anayepeleka barua. Nikaitungia kwa mizani nane kwa nane, kama nilivyofundishwa na mjomba wangu:

*Konokono, konokono, barua i mgongoni,*
*Hata ikija masika, itafika mlangoni.*

Mtaliano hakuelewa hata neno moja, lakini alipiga meza kwa furaha. Mudiri alinitolea pongezi za Kiunguja. Mimi nikauliza, jina langu litaandikwa wapi?

Hapo ndipo nilipoambiwa habari za Mama Kasuku. Studio ilikuwa imechora ndege, kasuku mnene mwenye kanga ya njano, ambaye hutokea mwanzo wa kila katuni akifungua mdomo. Nyimbo zote zingekuwa zake. "Watoto wakiona jina la mtu, utamu unapungua," alisema Mudiri. "Wao wanataka kuamini ndege ndiye anayeimba. Lakini sote hapa tunajua kasuku ni wewe." Sikulipenda jambo lile. Nililala nalo wiki nzima, mume wangu akaniomba nisiharibu kazi yake na yangu kwa pamoja, nikakubali. Na sitawadanganya, baadaye nilianza kumpenda yule ndege. Nilipoona watoto wa Waswahili wenzetu sokoni wanaimba konokono wangu, nilivimba kichwa peke yangu na mifuko yangu ya mboga.

Mahali nilipoteseka ni kwenye kioo. Mwimbaji husimama ndani ya kibanda, hedifoni masikioni, na wakubwa wako upande wa pili wa kioo kinene. Wakitaka usikie wanabonyeza kitufe. Wasipobonyeza, unaona midomo yao inacheza tu. Kwa mtu wa tabia yangu hiyo ni adhabu ya kaburi. Wanasema nini? Wanamcheka nani? Lakini kazi yetu yenyewe ni ya midomo. Waigizaji wa kuingiza sauti hushinda wakitazama vinywa vya katuni, wapi vinafungwa kwa *b* na *m*, wapi vinaachama kwa *a*, ili neno la Kiswahili likae sawasawa. Nami nikajifunza kwa kuwaangalia wao, halafu nikaugeuzia ujuzi ule kwenye kioo. Haikuchukua muda nikawa nasoma midomo ya Mudiri kama gazeti. Akisema "khalas, inatosha," mimi nimeshavua hedifoni kabla hajabonyeza kitufe. Walistaajabu. Sikuwaambia siri.

Niliyemsoma zaidi alikuwa fundi mitambo, Otieno, kijana wa Kisumu aliyekuja Doha kwa kazi za kompyuta. Aliniita mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana wa kwao, alinifungulia mlango, alikuwa na tabasamu la asubuhi hadi jioni. Tabasamu kama lile lina gharama, nilijiambia, na gharama yake itajulikana siku moja. Nilimshuku kwamba ananiibia sukari yangu, kumbe walikuwa sisimizi. Nilimshuku kwamba amemleta mwimbaji mwingine kwa siri, kumbe alikuwa mchumba wake amekuja kuazima funguo. Mume wangu akasema, Rukia, huyo mtoto ana mama yake Kisumu, mhurumie.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa wa pumzi. Mimi kifua changu si kirefu, nilikuwa na pumu utotoni, kwa hiyo huvuta pumzi kabla ya mstari wa tatu, kila wimbo, na inasikika. Otieno alikuwa akizikata zile pumzi moja moja kwenye kompyuta.

"Mathe, iko safi zaidi hivi," alikuwa akisema. "Ata huwezi jua ni binadamu."

"Kwani aibu kuwa binadamu? Nirudishie pumzi zangu."

"Wasee wa Italia wanataka sauti kavu, mathe. Si mimi."

Sauti kavu ni sauti ya mwimbaji peke yake, bila ala, bila mwangwi, imesafishwa hata mate hayasikiki. Kila wimbo nilioimba ulibaki na nakala yake ya sauti kavu, kwa desturi ya kazi, ili fundi aweze kuuchanganya upya akihitaji. Nilijua hivyo na nikaona ni jambo la kawaida, kama fundi cherehani anavyobakiza kipande cha kitambaa.

Kazi ikakua. Tukahama Muaither tukaenda kwenye jengo refu zaidi upande wa Al Rayyan, lenye mashine ya kahawa ambayo nayo sikuigusa. Msimamizi wa Muziki alirudi kwao, akanikumbatia akilia, nikaona haya kwa zile pete nilizozishuku. Mume wangu akafariki. Otieno akapanda cheo, akawa Meneja wa Sauti, na Mudiri akazeeka nasi. Pumu ikanirudia, magoti yakaanza kulalamika kusimama kibandani, nikaomba kustaafu.

Siku yangu ya mwisho nilidhani nakwenda kuaga. Nikakuta wameniwekea karatasi yenye herufi tu: *a, e, i, o, u, ba, be, bi*, kila moja niiimbe kwa sauti ya chini, ya kati, ya juu. Mudiri akabonyeza kitufe.

"Ni kumbukumbu tu, Bi Rukia. Tukukumbuke."

"Watu hukumbukana kwa picha, Mudiri. Hii ni ya nini?"

Akatazama pembeni. Nilikuwa nimesikia watu wakizungumza jinsi siku hizi mashine hufundishwa sauti ya mtu ikasema kama yeye, na mtu mwenyewe amelala kwake. Nikavua hedifoni, nikasema hapana, sitaimba hata *a* moja. Kwenye kioo nikaona Mudiri anageuka, uso umekunjamana, anamuuliza Otieno kitu. Otieno, bila wasiwasi wowote, midomo yake ikasema: "Tunazo tayari."

Niliisoma barabara. Na kwa kuwa nyuma yao, juu ya meza, kulikuwa na keki na soda za kuniaga, nilidhani anazungumzia soda. Nikatoka kibandani kichwa juu kama aliyeshinda kesi. Tulikula keki. Nilikula hata mimi.

Sasa naishi papa hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour, na binti yangu Zuwena, ambaye ni muuguzi, na mwanawe Samira wa darasa la kwanza. Miezi michache baada ya kustaafu nilikuwa jikoni namenya muhogo, runinga iko sebuleni, nikajisikia naimba. Nikatabasamu, nikajua wanarudia konokono. Halafu nikasikiliza maneno. Ilikuwa habari ya mbuzi fundi bomba. Mimi sijapata kuimba wimbo wa mbuzi maishani mwangu.

Nikasimama mlangoni na kisu mkononi. Sauti ilikuwa yangu, hata ule mkwaruzo mdogo ninapopanda juu. Mizani ilikuwa imevunjika mstari wa pili, jambo ambalo mjomba wangu angenichapa kwalo. Na kabla ya mstari wa tatu, pale kifua changu kinapoomba hewa, yule mwimbaji alipita moja kwa moja. Hakuvuta pumzi. Aliimba ubeti mzima, na wa pili, na wa tatu, bila kuvuta pumzi hata mara moja, na hapo ndipo nilipoelewa soda zile zilikuwa nini.

Asubuhi nilikwenda studio. Otieno alinyanyuka kwenye kiti.

"Mathe! Umepotea sana. Keti, keti. Uko poa?"

"Nani anaimba wimbo wa mbuzi?"

"Mama Kasuku."

"Mama Kasuku ni mimi."

"Ulikuwa, mathe." Alisema taratibu, kwa adabu zote, ndiyo maana iliniuma. "Ulikataa kurekodi zile herufi na hatukukulazimisha. Tulikuheshimu. Tukatumia zile sauti kavu za hiyo miaka yote. Zilitosha kabisa, zilikuwa safi."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Hizo ni kazi za studio tangu kitambo. Na fikiria, mathe, tungeleta mtu mwingine? Watoto wangejua. Wangelia. Wewe ndio wanapenda."

"Iondoeni."

"Nitaongea na Mudiri."

Miaka yote nilimsoma kupitia kioo. Safari hii hapakuwa na kioo, na bado sikumwamini. Nilimpigia Mudiri mwenyewe, akanipokea kwa upole, akauliza hali ya magoti, akasema tutazungumza inshallah. Nangoja hadi leo.

Nilikuwa nimelinda koo langu dhidi ya kahawa na tende, na kila siku namkabidhi fundi sauti yenyewe, imesafishwa na kukaushwa, kwa mikono miwili. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyinyi mnaoingia kazi hii, sisemi muishi kwa wasiwasi kama mimi, utawachosha na utawagombanisha na watu wema. Ila ulizeni sauti zenu kavu zinalala wapi na nani anaweza kuziamsha. Ulizeni siku ya kwanza, wakati bado wanawahitaji.

Binti yangu anasema niachane nayo, mbona nina heshima yangu. Nimejaribu. Juzi baada ya magharibi nilikaa na Samira kwenye zulia, katuni ikaanza, yule ndege wa kanga ya njano akafungua mdomo.

"Samira, unajua huyo anayeimba ni bibi yako?"

"Hapana, Bibi. Ni Mama Kasuku."

"Mimi ndiye Mama Kasuku."

Akanitazama akicheka, kama nimesema mimi ni mbuzi. Basi nikaimba. Nikaimba konokono wangu, kwa sauti yangu yote iliyobaki, pale pale mbele yake. Akanitazama mimi, akaitazama runinga, uso ukaingia wasiwasi, akaniwekea kiganja chake mdomoni.

"Bibi, *please*, nyamaza kidogo. Simsikii."

Nikanyamaza. Nilikaa naye hapo chini, nikamsikiliza yule mwanamke asiyevuta pumzi mpaka mwisho wa wimbo, na nikamwonea wivu.