Maji ya Moto ya Mama

Kazi yangu hapa Bariadi ni kufunga hita za umeme kwenye masinki, zile ndogo zisizo na tangi, zinazopasha maji yakiwa yanapita. Nimezifunga hotelini na kwa watu wenye uwezo. Kwangu haikuwepo, mganga hajigangi. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nanawa maji baridi, nakula haraka, na naondoka mezani kwa sababu ukimya ule niliuchukia.

Mwaka huu nikataka mama ahame kijijini kwetu Nkololo aje tuishi wote. Vidole vyake huuma wakati wa baridi, nikaona maji ya moto ndiyo chambo. Nikapandisha simtanki la maji juu zaidi, maana presha ikiwa ndogo hita haiwaki, nikavuta waya mnene, nikafunga hita yangu mwenyewe.

Mama, ambaye kwa Kisukuma namwita mayu, alipofika nikamfundisha kwa majivuno.

"Mayu, fungua koki kidogo tu. Ukiifungua yote, maji yanapoa."

Akafungua, akacheka. "Na moto uko wapi?"

Basi kila mlo akawa ananawa mwenyewe pale sinkini, amenipa mgongo, kisha anakuja mezani kimya. Wiki haijaisha, akafunga mzigo wake.

"Kuku wangu hawana mtu," alisema.

Kuku wana mtu. Dada yangu anaishi pale pale na watoto wake. Nilikasirika.

Asubuhi ya kuondoka nilichemsha viazi vitamu. Sinki lilijaa sufuria, kwa hiyo nikakinga maji ya moto kwenye jagi, nikachukua beseni, nikamfuata alipokaa. Nikapiga goti na kummiminia, kama watoto wa dada yangu wanavyomfanyia kila siku kule Nkololo. Akanyoosha mikono yote miwili. Ilishatakata, lakini hakuiondoa mpaka jagi likaisha.

"Siku zote hizi nimenawa kama mpita njia," alisema.

"Basi kaa, mayu."

"Nimeshawaambia watoto nakuja."

Bajaji ikapiga honi nje. Nilimpandisha, nikarudi ndani, nikalia.

Hita ni nzima, taa yake nyekundu inawaka vizuri. Siku hizi nami nakinga maji kwenye jagi kabla ya kula. Ila ukiwa peke yako huwezi kujimiminia mikono yote miwili. Mmoja unashika jagi, mwingine unasubiri.