Kihispania Changu Kilivyomponza Shemeji

Mkifika Mishamo mkataja jina la Nestori wa duka la dawa, watu watawauliza kwanza kama na nyie mna shida ya choo, halafu watacheka mpaka waegemee baiskeli zao. Basi bora jambo hilo mlisikie kwangu mwenyewe, na aibu yangu yote, kuliko mkalisikie kule limeongezwa chumvi.

Kaka yangu Fidelis alikwenda Hispania kusomea uuguzi, akaoa huko, akafia huko huko kwa saratani ya damu. Siku aliyokufa nilipiga simu yake akapokea mwanamke analia, akawa anaongea, anaongea, na mimi nimesimama nyuma ya kaunta pale Mpanda mjini, simu sikioni, sielewi hata neno moja, mpaka ikakatika. Huyo ndiye alikuwa shemeji Inés. Jioni ile ile nikapakua kwenye simu programu ya kufundisha Kihispania.

Mimi naishi peke yangu, chumba kimoja (mke nilikuwa naye, akarudi kwao Sumbawanga, na hiyo haichekeshi kwa hiyo tuiache), kwa hiyo muda ninao. Nikawa napiga pasi naongea Kihispania, naosha sufuria naongea Kihispania, mpaka jirani yangu mama Zuhura akaniuliza kwa upole kama siku hizi nimehamia kwa wale walokole wanaonena kwa lugha. Baadaye programu ikanipongeza kwamba nimemaliza ngazi ya mwanzo, maana yake naweza kuagiza kahawa na kuuliza stesheni ya treni iko wapi, na stesheni ya Mpanda mimi naijua. Nilichotaka ni maongezi, mtu aseme neno na mimi nirudishe neno, na wa kuongea naye hakuwepo isipokuwa shemeji mwenyewe. Tukaanza kupigiana Jumapili. Anaongea kwa kasi yule mama, na nikipotea (nilikuwa napotea mapema sana) sikumwambia kwamba sijaelewa, nilisema tu sí, sí, claro, yaani ndiyo, ndiyo, bila shaka, kwa sababu niliogopa nikimkatisha kila mara atanichoka, na Jumapili yangu itarudi kuwa tupu kama siku nyingine. Halafu nikimaliza nampigia mama yangu kule Mishamo, namsimulia kile nilichodhani nimekisikia.

Ndipo shemeji akasema anakuja kumwona mama wa mume wake. Hiyo niliielewa.

Nilimpokea Mpanda, tukakodi gari mpaka Mishamo, na mnajua barabara ile wakati wa kiangazi, vumbi linaingia hata kwenye meno. Njia nzima anapenga kamasi kwenye leso. Mimi nikasema moyoni ni vumbi, au ni kilio, nikamwacha alie.

Nyumbani tulikuta turubai limefungwa, majirani wamejaa, kwaya ya kigango imevaa sare, katekista amekaa mbele na mama yangu amekaa kwenye kiti cha peke yake, kitenge kipya, mikono mapajani. Shemeji akapiga magoti mbele yake wakashikana. Kisha shemeji akageukia watu, akapenga tena, akasema, "Perdonad, estoy muy constipada."

"Kasemaje?" akauliza shangazi Godeliva, dada wa marehemu baba.

Sasa hapo ndipo nilipojimaliza. Perdonad nililijua, anaomba radhi. Lile neno la mwisho sikuwahi kufundishwa, na ningeweza kabisa kumgeukia shemeji nikamwuliza maana yake, lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mama alishawaambia majirani kwamba Nestori anaongea Kihispania kama mtu wa huko. Halafu mimi nauza dawa, nyie. Konstipesheni naisoma kwenye maboksi kila siku ya Mungu.

Nikakohoa kidogo, nikatangaza, "Anaomba mumsamehe, hajapata choo."

Turubai zima likaguna kwa huruma.

"Tangu lini?" shangazi akauliza.

Nikamwuliza shemeji, akanijibu, nikatafsiri, "Tangu kwenye ndege."

"Maskini. Na maumivu yako wapi?"

Nikauliza tena. Shemeji akashika paji la uso.

"Imeshapanda kichwani," shangazi akawaambia wenzake, akaenda kutafuta papai.

Katekista akasimama, akasema kabla hatujafanya lolote tumwombee mgeni, akafumba macho akaomba kwa sauti, "Ee Bwana, ufungue kilichofungwa," na watu wote wakaitikia amina, kwaya ikaitikia kwa sauti nne, shemeji naye akaitikia amina kwa machozi akidhani tunamwombea Fidelis.

Mimi nikafungua begi langu. Huwa sitembei bila dawa mbili tatu, na mojawapo ilikuwa haluli, ile chumvi ya kufungua tumbo. Nikaikoroga kwenye kikombe nikampa, nikamwambia medicina, naye kwa kuwa anajua ninauza dawa akainywa yote bila kuuliza, uso umekunjamana, akanishukuru. Shangazi akamletea papai, akala ili asimkwaze. Akaongezewa.

Chakula kikaja, tukala, kisha shemeji akamshika mama mikono, akaanza kusema yale aliyoyafuata safari yote ile. Alisema, "Fidelis, en el hospital," akanyamaza. Nikadhani ni uchungu. Akajaribu tena, akanyamaza, akaniangalia kwa macho sijawahi kuyaona kwa mtu, akasimama, akakimbia.

Choo chetu ni cha shimo, kiko nyuma ya shamba la mihogo, na kutoka chini ya turubai unakiona vizuri kabisa. Watu wote walikaa wanatazama ule mlango wa bati. Ulipofunguliwa na shemeji akatoka, amepauka, anashika ukuta, akina mama wakampigia vigelegele. Kwaya nayo (sijui nani aliwaambia) ikaanzisha wimbo wa shukrani. Alisimama pale katikati ya mihogo hajui kilichotokea, halafu akageuka akarudi chooni.

Aliporudi mara ya tatu, vigelegele vikiwa vimepungua, akanijia. "¿Qué me has dado?" Umenipa nini? Nikamweleza kwa maneno niliyonayo, na yaliponiishia nikaonyesha tumbo, nikaonyesha choo. Kisha akaonyesha pua yake, akapiga chafya, akasema taratibu kama anamfundisha mtoto, "Constipada."

Mafua. Alikuwa na mafua.

Ilibidi niwaambie watu. Walicheka, kwanza taratibu kwa heshima ya msiba, halafu wakashindwa, katekista akaenda nyuma ya nyumba. Hata shemeji alicheka, Mungu ambariki, amejikunja kwenye mkeka. Mama hakucheka. Alisubiri vicheko vipungue, akaniita pembeni.

"Nestori, ile uliyoniambia kwamba kaka yako hakuteseka, uliisikia vizuri?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lile neno nimelizoea.

"Sijui, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa na mkwe wake. Nilibaki nimesimama karibu na mihogo, na kwa miezi yote ile ya kukaa chumbani peke yangu sikuwahi kujisikia mpweke namna ile, na watu wako pale pale wanakula papai lililobaki.

Jua lilipoelekea kuzama watu walikuwa wameondoka. Mama akaniita, akasema niulize upya, na nisiposhika neno nirudie kuuliza. Nikauliza. Ilichukua muda, tuliachia neno moja moja kama watu wanaopokezana mayai. Aliteseka, shemeji alisema. Aliteseka sana, ila mwishoni alitulia, na akawa anarudia neno ambalo yeye mke wake hakulielewa, halikuwa la Kihispania. Alilikariri ili alilete huku. Akalitamka kwa shida, ulimi unakwama:

"Mama, ndagukumbuye."

Kirundi chetu cha nyumbani, maana wazee wetu walitoka Burundi. Nimekukumbuka, nina hamu na wewe, yote kwa pamoja. Mama akaweka mkono mdomoni. Shemeji akanigeukia anataka maana yake, nami nikatafuta, nikatafuta, Kihispania chote kikanikimbia, na nilipoinua macho walikuwa wameshakumbatiana, hawanihitaji.

Shemeji amerudi kwao. Tangu siku ile nimeapa sitatafsiri neno nisilolijua, na kwenye simu namkatisha mpaka yeye mwenyewe anacheka. Lile la Fidelis nimeshalijua linavyosemwa, ni te echo de menos, nimelifanyia mazoezi mpaka limekaa sawa. Huwa nalisema jioni nikifunga duka, peke yangu, na sijui namwambia nani.