Fundi wa Viyoyozi na Feni ya Nje

Fundi wetu wa viyoyozi hapa Masasi hutoa jibu kabla hajafungua kifuniko. Huweka kiganja mbele ya upepo, hufumba jicho moja, kisha hutangaza ugonjwa wa mashine kwa sauti inayofika barabarani. Jana nilimkuta kwa jirani yangu Mama Ziada, ambaye mama yake mgonjwa alikuwa kitandani akihema kwa joto. "Fundi, feni ya nje haizunguki," Mama Ziada alimwambia. "Vumbi tu hilo," akajibu, akaenda kuosha chujio mpaka maji yakatoka mekundu. Akawasha. Upepo ukaja wa joto vilevile.

Fundi akajifuta mikono kwenye suruali. "Nimekosea," akasema, kwa sauti ileile ya kufika barabarani. "Uliniambia, Mama Ziada, nikakupuuza. Hebu nieleze, ilianzaje?" Akakaa juu ya ndoo, akamsikiliza hadi mwisho: feni ilinguruma, ikawa inasitasita, halafu ikanyamaza. Akazima umeme, akatoka nje, akabadilisha kapasita iliyokuwa imevimba, kifaa kidogo kinachoipa feni nguvu ya kuanza kuzunguka. Feni ikazunguka. Baadaye yule bibi mgonjwa akaita kutoka chumbani, akiomba shuka ajifunike.